Kuweka VirtualBox kwenye Ubuntu: maswali mnayoniuliza kila wiki hapa Mbeya

Hii nimeiandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaokuja pale Mwanjelwa na laptopu mkononi, na wale wanaonitumia meseji kutoka Tukuyu, Makambako, Njombe mpaka Iringa. Maswali ni yaleyale, na sipendi kumjibu mtu kwa mkato wakati kakaa usiku mzima anahangaika, basi nimeyakusanya hapa. Naongelea zaidi Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 maana ndizo mlizonazo wengi, na hiyo Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 kwa hiyo amri ni zilezile.

Kaka, mashine pepe ni nini hasa?

Ni kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta yako kama programu, na VirtualBox ndiyo tunayoitumia kuitengeneza na kuiwasha. Ina RAM yake, ina diski yake, ina kadi yake ya mtandao, ila vyote vimemegwa kutoka kwenye vya kwako, mfano hiyo diski yake ni faili moja kubwa tu limekaa kwenye folda yako ya nyumbani. Ubuntu yako tunaiita mwenyeji, na ile iliyomo ndani tunaiita mgeni. Yashike hayo maneno mawili maana nitayatumia mpaka mwisho, na watu wengi wanakwama kwa sababu wanaandika amri ya mwenyeji kwa mgeni, au ya mgeni kwa mwenyeji, halafu wanasema haifanyi kazi.

Mtu wa Rungwe ananielewa haraka nikimwambia ni kama kitalu. Mche wa parachichi unaanza kwenye kiriba, ukinyauka umepoteza kiriba kimoja, shamba liko palepale.

Kwa nini nisigawe tu diski nikaweka Windows na Ubuntu pamoja?

Unaweza, na wapo wanaofanya vizuri kabisa. Lakini wengi wenu laptopu ni moja nyumbani, humo humo kuna picha za familia, kazi za chuo, hesabu za duka la mama. Mimi nilijaribu kugawa diski ya laptopu ya dada yangu nikiwa bado sijui partisheni (kipande cha diski) ni nini, nikafuta picha za harusi yake zote, hazikuwa na kopi mahali pengine. Hilo bado linaniuma na ndiyo sababu kubwa nawasihi mwanafunzi anayeanza aanzie kwenye mashine pepe. Humo ndani futa, vunja, gawa diski mara kumi, nje hakuna kinachoguswa.

Laptopu yangu ya mtumba ina RAM 4 GB, itaweza?

Itaweza, ila chagua mgeni mwepesi. Ubuntu yenyewe ikiwaka na brauza yenye tabu tatu nne tayari imekula nusu, ukimpa mgeni 2 GB kompyuta inaanza kukwama na unadhani imeharibika. Kwa RAM 4 jaribu Linux nyepesi kama Debian isiyo na deskitopu au Lubuntu, funga brauza kabla hujamwasha mgeni, na usimfikishie nusu ya RAM uliyonayo. Kwenye dirisha la kuweka RAM kuna mstari wenye rangi, usivuke kijani.

Ukiwa na 8 GB unapumua. Mpe mgeni 3 au 4 na prosesa 2. Na kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu, diski ya SSD ndiyo utakayoiona tofauti yake siku hiyohiyo, kwa sababu mwenyeji na mgeni wote wanagombea diski moja na ile ya kuzunguka haiwezi kuwahudumia wote wawili.

Nitajuaje kama prosesa yangu inakubali?

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa Ctrl+Alt+T uandike:

sudo apt install cpu-checker
kvm-ok

Ikikujibu *KVM acceleration can be used* uko vizuri, nenda swali linalofuata. Ikisema *disabled by your BIOS* (BIOS ni zile setingi za kompyuta zinazoanza kabla ya Ubuntu kuwaka) usihuzunike wala usikimbilie kununua kompyuta nyingine, uwezo upo ila umezimwa tu, na laptopu nyingi za mtumba zinakuja hivyo. Intel wanauita VT-x na AMD wanauita AMD-V, umeanza kuwekwa kwenye prosesa za kompyuta za kawaida tangu 2005 na 2006, kwa hiyo hata mashine ya zamani kiasi inaweza kuwa nao.

Kuuwasha unazima kompyuta, unaiwasha huku unabonya kitufe cha kuingilia BIOS: HP nyingi ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Tafuta neno *Virtualization Technology* au *VTx*, kwa AMD ni *SVM Mode*, mara nyingi liko sehemu ya Advanced, Security au System Configuration. Weka Enabled, hifadhi, toka. Kingine chochote humo usikiguse.

VirtualBox, KVM au Boxes, nichukue ipi?

Zote tatu ni za kuendesha mashine pepe. Kwa anayeanza mimi nasema VirtualBox, kwa sababu moja tu: dirisha lake linaeleweka, na rafiki yako wa Windows anaweza kuwa nayo hiyohiyo, mkapeana mashine.

KVM ni nzuri na ina kasi, tena imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux yenyewe tangu toleo 2.6.20 la Februari 2007, huhitaji driva (programu ndogo inayoongea na kerneli) ya pembeni. Ukizoea, hamia huko kwa kutumia programu ya virt-manager, utafurahi. Boxes ni rahisi mno, bonya bonya imeisha, ila siku unataka kubadilisha kitu cha ndani unakikosa.

Ni bure kweli au kuna siku watanidai?

VirtualBox yenyewe ni ya chanzo huria, lisensi yake huria inaitwa GPL. Ilianzia kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ikatoka kwa watu 2007, Sun Microsystems wakainunua Innotek 2008, na Oracle walipoinunua Sun 2010 ikaingia mikononi mwao hadi leo. Hao wote wamepita na programu imebaki huria.

Pa kuwa makini ni kile kifurushi cha nyongeza kinaitwa Extension Pack, hicho siyo huria, kina lisensi yake inayoruhusu matumizi binafsi na ya kujifunza, ila ofisi ikitaka kukitumia kibiashara inatakiwa kulipia. Mwanafunzi kwa sehemu kubwa hata hukihitaji, kiache. Na Windows ukiiweka ndani kama mgeni bado ni Windows, inahitaji lisensi yake kama kawaida.

Nina bando dogo, nitakula GB ngapi?

VirtualBox yenyewe siyo tatizo, apt itakuonyesha ukubwa kabla haijaanza na itakuuliza Y au n, soma hapo kwanza. Kinachokula bando ni ile ISO ya mgeni, yaani faili moja lenye mfumo mzima wa kuinstoli. Ubuntu 24.04 ya deskitopu ni karibu GB 6, Mint ni karibu GB 3, Debian ndogo ya netinst iko chini ya GB 1 ila nayo itaendelea kuvuta vitu wakati wa kuinstoli.

Daunlodi usiku kama bando lako ni la usiku, na usitumie brauza, tumia wget -c kisha kiungo cha ISO. Hiyo -c ndiyo inayookoa, mtandao ukikata saa nane usiku ukiwa umefika asilimia 80 unarudia amri ileile na inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Ikiisha, andika sha256sum na jina la faili, linganisha herufi zinazotoka na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kudaunlodi. Zikitofautiana ISO imeharibika, usiitumie, makosa yake yatakuja kukutokea katikati ya kuinstoli na hutajua yametoka wapi.

Na jamani, pangeni. Hosteli moja pale Iyunga watu sita hawana haja ya kudaunlodi ISO sita. Mmoja anavuta, wengine wanakopi kwa flashi. Flashi ikikataa faili huku ina nafasi tele, sababu ni kwamba imeformatiwa FAT32 ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4, iformati kwa exFAT (toa vitu vyako kwanza) na itapokea.

Sawa, nipe hatua zenyewe

Kwenye terminali:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) build-essential dkms
sudo apt install virtualbox

Mstari wa pili ndio watu wanauruka. VirtualBox inahitaji kujenga driva inayolingana na kerneli yako haswa, na hizo heda ndizo vifaa vya ujenzi, bila hizo inainstoli vizuri bila kelele, ikoni inatokea, unafurahi, halafu ukibonya Start inakataa. Ukiandika paswedi kwenye terminali herufi hazionekani, hata nyota hakuna, siyo kwamba kibodi imekufa, andika tu ubonye Enter.

Wa Debian: kwenye Debian ya kawaida hamtaikuta VirtualBox kwenye hazina yao, mtaichukua kwenye tovuti ya VirtualBox yenyewe, faili la .deb linaloendana na toleo lenu.

Ikishaingia, ifungue, bonya New, mpe mgeni jina, chagua ISO, weka RAM na prosesa kama nilivyosema juu, halafu diski. Kwenye diski acha ile ya kukua yenyewe, ukiandika GB 25 haichukui zote leo, inaanza ndogo na kuongezeka kadiri mgeni anavyojaza. Ila kumbuka ikishakua hairudi ndogo yenyewe hata mgeni akifuta vitu. Kuna sehemu imeandikwa kuinstoli bila kuulizwa, mimi nawashauri muiruke, jibu maswali mwenyewe mara ya kwanza, ndiyo somo lenyewe hilo.

Ikifika kwa mgeni *Erase disk and install* utashtuka, wote mnashtuka, nimepigiwa simu mara nyingi mtu kashikilia kipanya anaogopa kubonya. Bonya. Diski anayoiona yeye ni lile faili tu, hawezi kuiona diski yako halisi.

Wakati wa kuinstoli imeniuliza niweke paswedi ya Secure Boot, nikaweka chochote, sasa haiwaki

Hili ndilo linawaangusha wengi kuliko yote, kwa hiyo nalieleza polepole.

Secure Boot ni mlinzi aliyemo kwenye laptopu za miaka ya karibuni, hamruhusu driva yeyote kuingia kwenye kerneli kama hana saini anayoitambua. Driva ya VirtualBox imejengwa hapohapo kwenye kompyuta yako, saini yake ni ya kwako wewe, mlinzi haijui. Kwa hiyo Ubuntu inatengeneza ufunguo, inakuomba paswedi ya muda, ili ukirestati umthibitishie mlinzi kwamba ni wewe mwenye nyumba ndiye umeruhusu.

Paswedi hiyo iandike kwenye karatasi. Restati. Itakuja skrini ya bluu imeandikwa *Perform MOK management*, inasubiri sekunde 10 tu, ukienda kuchemsha chai imekupita. Bonya kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika ile paswedi, kisha Reboot. Imeisha, hutaulizwa tena.

Kama skrini ilikupita rudia kwa:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms

au uombe ufunguo uleule uingizwe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

weka paswedi nyingine, restati, safari hii kaa mbele ya skrini. Wapo wanaowaambia zimeni tu Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi, sikatai, ila unamwondoa mlinzi kwa sababu ya dakika mbili za kusoma, mimi sipendi.

Inasema *Kernel driver not installed (rc=-1908)*

Ama ni hilo la juu, ama hukuweka heda. Hakikisha heda zipo, halafu:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms
sudo modprobe vboxdrv

Amri ya pili ikinyamaza kimya ndiyo imekubali. Ikikuandikia *Key was rejected by service* rudi kwenye swali la Secure Boot. Waliotumia .deb ya tovuti ya VirtualBox wao amri yao ni sudo /sbin/vboxconfig.

Hili huwa linarudi baada ya updeti ya kerneli, jana ilikuwa inafanya kazi leo imegoma na hujagusa kitu. Dawa ni ileile.

Inasema VT-x inatumiwa na programu nyingine, na mimi sina nyingine

Unayo, ni KVM ile iliyomo kwenye kerneli. Kuanzia kerneli 6.12 KVM inashika uwezo wa prosesa mara tu inapopakiwa hata kama huitumii, VirtualBox ikija inakuta kiti kimekaliwa. Angalia kerneli yako kwa uname -r. Kwa muda:

sudo modprobe -r kvm_intel

(wa AMD waandike kvm_amd). Ukirestati inarudi. Kuimaliza kabisa, fungua faili la /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 ndani ya zile alama za kunukuu, hifadhi, kisha sudo update-grub na urestati.

Kipanya kimenaswa ndani na skrini ya mgeni ni ndogo kama ya simu

Kukitoa kipanya bonya Ctrl ya kulia, mara moja. Ya kushoto haifanyi kitu.

Skrini ndogo ni kwa sababu mgeni hajapewa vifaa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa jembe linaitwa Guest Additions. Ukimpa, skrini inajaa, unaweza kukopi huku ukapesti kule, na kushirikiana folda. Kama mgeni ni Ubuntu au Mint, andika NDANI YA MGENI, siyo kwa mwenyeji:

sudo apt install virtualbox-guest-x11

kisha umrestati mgeni. Kama mgeni ni Windows nenda menyu ya Devices, bonya *Insert Guest Additions CD image*, itatokea kama sidii ndani ya Windows, iendeshe kama programu nyingine yoyote.

Flashi haionekani kwa mgeni

sudo usermod -aG vboxusers $USER

Halafu toka kwenye akaunti uingie tena, usipotoka haichukui. Kisha menyu ya Devices, USB, weka tiki kwenye flashi yako. Ikiwa kwa mgeni inatoweka kwa mwenyeji, haiwi pande mbili.

Mgeni wangu wa Windows amemaliza bando usiku mmoja!

Pole sana. Mgeni anapata intaneti kupitia kwako moja kwa moja, hiyo inaitwa NAT na huhitaji kuseti chochote, ila Windows ikiona mtandao inaanza updeti zake bila kukuuliza. Ukimaliza kuinstoli nenda Devices, Network, toa tiki kwenye *Connect Network Adapter*, ni sawa na kuchomoa waya. Rudisha tiki unapohitaji tu.

Umeme ukikatika katikati?

Kwa laptopu yenye betri hai hamna shida. Lakini betri nyingi za mtumba ni za dakika tano, na wapo mnaotumia deskitopu, na msimu wa mvua huku kwetu mnaujua. Umeme ukikata ghafla wakati mgeni anaandika kwenye diski, lile faili lake linaweza kuharibika na asiwake tena.

Ukiona wingu limejifunga, funga dirisha la mgeni uchague *Save the machine state*, inamgandisha alivyo, na ukirudi anaendelea palepale hata kama neno lilikuwa nusu. Pia kabla ya jaribio lolote zito piga snapshoti, ni kama kupiga picha ya mashine nzima, ukiharibu unarudi kwenye picha. Usizilimbikize kumi na tano, zinakula diski, futa za zamani. Na snapshoti siyo kopi ya akiba, inakaa kwenye diski ileile, diski ikifa zinakufa zote. Kopi ya kweli ni menyu ya File, *Export Appliance*, inakupa faili moja la .ova unaloweza kuliweka kwenye diski ya nje.

Nikimfuta mgeni, Ubuntu yangu inaharibika?

Hapana. Bonya kulia kwenye jina lake, Remove, kisha *Delete all files*. Ukichagua *Remove only* anaondoka kwenye orodha lakini faili lake la GB 20 linabaki, ndiyo wale wanaonijia diski imejaa na hawajui imejazwa na nini.

Nataka kumweka Windows 11 ila inasema kompyuta haifai

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM 4 GB na diski GB 64. VirtualBox 7.0 na kuendelea inaweza kumpa mgeni TPM ya kuigiza na Secure Boot yake, ukichagua Windows 11 kwenye orodha wakati wa kumtengeneza inakuwekea yenyewe. Ubuntu 24.04 inakuja na hiyo 7.0. Aliye bado kwenye 22.04 ana 6.1, haina TPM, itabidi apandishe. RAM ya mwenyeji hapo isipungue 8, mwenye 4 asijaribu.

Nimemaliza kuinstoli, sasa nifanye nini nayo?

Tengeneza wageni wawili wa Debian bila deskitopu, kila mmoja RAM 512 MB inatosha. Kwenye setingi za mtandao za kila mmoja ongeza adapta ya pili uichague *Internal Network*, mmoja mpe anwani 192.168.50.1 na mwingine 192.168.50.2, kisha piga ping (amri ya kuuliza kama mwenzake anasikika) kutoka mmoja kwenda wa pili. Ikijibu, umejenga mtandao wako wa kwanza wa seva, kwenye laptopu ya mtumba, na wanaongea wao kwa wao bila kutumia MB hata moja. Kisha weka sudo apt install openssh-server kwa wa kwanza (hapo NAT iwe imewashwa kidogo), na uingie kutoka kwa wa pili kwa ssh, yaani kuitumia mashine nyingine kupitia mtandao. Ukikwama hapo niletee laptopu Jumamosi, mchana nakuwepo.